Piga, Unangoja Nini

Nilikwenda Mwanza kuhitimisha msiba wa Deusi nikiwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa muziki. Nilijiandaa kwa vumbi, kwa hotuba ndefu, na kwa swali la Mama Alfonsi, mjane wake, ambaye kila tukionana huniuliza kwa nini nimekonda hata mwaka niliorudi nimenenepa. Baada ya chakula Alfonsi, mtoto wao wa kwanza, sasa mtu mzima mwenye miwani na kitambi, alitundika shuka jeupe ukutani akatangaza kwamba ameipata ile filamu ya zamani ya baba yake, Funguo za Marehemu, ameisafisha kwenye kompyuta, na leo tutaiona kama mpya. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Filamu ikaanza, vayolini zikaanza nayo, na hazikunyamaza tena. Zililia mtu anapofungua mlango. Zililia mtu anapokunywa chai. Tukafika jikoni, kwenye lile onyesho moja ambalo mimi na marehemu tulikaa wiki tatu bila kusalimiana kwa ajili yake, nazo zikalia pale pia, mahali ambapo kwa karibu miaka thelathini hapakuwa na muziki hata kidogo.

Nikamwuliza Alfonsi, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, amefanya nini pale jikoni. Akafurahi kuulizwa. "Shangazi, pale palikuwa na tatizo. Muziki ulikatika, halafu kulikuwa na mtu anapiga kelele kwa nyuma. Nimeondoa kelele, nimejaza muziki." Mtu huyo alikuwa baba yake. Deusi alikaa nyuma ya kamera maisha yake yote, akarekodi sauti za nusu ya mtaa wetu wa Kirumba, na yake mwenyewe ilibaki mahali pamoja tu, pale jikoni, maneno manne. Nikauliza kanda yenyewe iko wapi. Ilikuwa imeliwa na ukungu, akasema, ameitupa. Kisha akaniuliza kama nataka soda ya baridi au ya moto. Nilichukua ya moto. Sikumwambia kitu, kwa sababu mtu aliyefanya jambo kwa upendo ukimwambia amekosea unampa mzigo asio na pa kuutua, na kwa sababu, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka. Ugomvi huu niliumaliza nikiwa na miaka ishirini. Sikutegemea kuukuta umekaa barazani, umevaa miwani, unanikaribisha soda.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja majibu ya chuo cha ualimu, ambayo hayakuwa na haraka. Nilikaa kwa mama yangu mdogo Kirumba na kupiga kinanda kwenye kwaya ya parokia. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mwenye kitu alikuwa ameanza kuuza kitu, na Deusi, ambaye tulimjua kama mpiga picha za pasipoti, alirudi safari ya Dar es Salaam na kamera ya video begani, deki mbili za kuchezea kanda, na kinanda cha umeme kutoka Dubai kikiwa bado na nailoni yake. Nailoni ile hakuruhusu itolewe. Mwaka mzima nilipiga kinanda juu ya nailoni, vidole vikiteleza kama natembea kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Alianza na harusi na ubatizo, na kote aliweka muziki. Jirani yetu alikuwa na kanda ya ubatizo wa mwanawe ambamo padri anafungua mdomo na kinachotoka ni midundo ya dansi, na hadi leo hakuna aliyesikia mtoto yule alibatizwa jina gani. Kisha Deusi akaamua kwamba harusi hazimtoshi. Akatunga filamu.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mume anafariki, ndugu zake wanakuja kwa mjane kudai funguo za nyumba, mjane anatoka na watoto. Kirumba nzima hapakuwa na mtu asiye na shangazi, dada au jirani aliyepatwa na hayo, ndiyo maana Deusi aliamini ukumbi utajaa. Kazi ya muziki akanipa mimi. Studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma ya duka lake la picha, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, hivyo saa nane mchana ndani kulikuwa na joto la tanuri la mikate, na feni haikuruhusiwa kwa sababu ina sauti. Mama Alfonsi alituletea chakula humo humo: sinia la ugali wa muhogo na mapanki ya sangara yaliyokaangwa hadi mifupa ikawa ya kutafunika. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, minofu ilikuwa inapanda ndege, na sisi tulibaki na vichwa na miiba, na naomba nisamehewe lakini vilikuwa vitamu. Tulikula sakafuni katikati ya nyaya, na Deusi, tonge mkononi, alinitajia muziki anaoutaka. "Hapa anafikiri. Weka vayolini. Hapa anainuka. Weka vayolini. Hapa analala."

"Analala usingizi wa kawaida, kaka?"

"Wa kawaida."

"Sasa vayolini za nini?"

"Mdogo wangu, mtazamaji atajuaje kwamba usingizi huu una maana?"

Kile kinanda kilikuwa na kitufe cha kutoa sauti ya vayolini, na kitufe hicho ndicho kilichoniharibia mwaka. Kilikuwa na vitufe vingine vingi, filimbi, marimba, hata mbwa anayebweka, lakini Deusi alishakipenda kile kimoja kama mtu anavyompenda mke wa pili. Nilijaribu kumwonyesha kwamba mahali pengine marimba ingefaa zaidi. Alinisikiliza kwa adabu, akatafuna mwiba, akasema, "Vizuri sana. Sasa weka vayolini."

Waigizaji wakuu walikuwa wawili. Shemeji mbaya aliigizwa na Mwalimu Bwire, Mjita wa Majita, mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba mtumbwi na sauti ya kumbembeleza mtoto. Alifundisha darasa la pili na sijawahi kumsikia akifoka. Deusi alimtaka aseme "Leta funguo!" kwa ukali, naye akasema "Reta funguo," kwa upole, kama anaomba chumvi. Deusi akamrudisha. "Sema leta, mwalimu. Le. Le." "Re," akasema Mwalimu Bwire. Walifanya hivyo asubuhi nzima hadi betri ya kamera ikaisha, na mimi nimekaa kizingitini nikitamani kulia, kwa sababu katika ukumbi ambao filamu ile ingeonyeshwa, nusu ya watu wangesema "reta" vilevile na wasingeona cha kucheka. Lakini Deusi alikuwa amekaa Dar majuma mawili.

Mjane aliigizwa na Mama Kulwa. Huyu alikuwa akiuza dagaa soko la Mwaloni, mwanamke Msukuma wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mikono iliyokuwa na magamba ya samaki hata Jumapili. Hakuwahi kuigiza. Deusi alimchagua kwa sababu yalimpata kweli. Mumewe alikuwa fundi kiwandani Nyakato, akafariki, na kabla tanga halijaanuliwa mdogo wake marehemu alikuja na ndugu wawili wakachukua nyumba, kitanda, redio na cherehani. Mama Kulwa akatoka na mapacha wake, Kulwa na Doto, na sufuria moja. Siku Deusi alipomwomba aigize aliuliza swali moja: "Nitatakiwa kulia?" Deusi, ambaye angeahidi hata mvua, akasema hapana.

Kumbe alikuwa amemwandikia hotuba. Ukurasa mzima: enyi shemeji zangu, mbona mnanitendea unyama huu, je, hamna utu, na kadhalika hadi chini. Mama Kulwa hakuwa msomaji, kwa hiyo Deusi alimsomea pale jikoni kwa Mama Alfonsi, kamera imeshasimamishwa. Alisikiliza hadi mwisho. "Maneno ni mazuri," akasema. "Lakini siku ile yote haya ningeyatoa wapi?" Akachukua sufuria iliyopikiwa ugali wa mchana, akachuchumaa, akaanza kukwangua ukoko kwa kijiko. Mwalimu Bwire akaingia mlangoni na "reta funguo" yake. Mama Kulwa hakuinua macho. Akaendelea kukwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaukusanya ukoko wote, akaugawa mara mbili, akaweka kila fungu upande wake wa sahani, kwa watoto wawili ambao hata hawakuwepo pale. Kuku akapita mlangoni, Mama Kulwa akashtuka, akatazama nje, kisha akarudi kwenye sufuria. Mwisho akafungua pindo la kanga, akatoa funguo, akaziweka chini sakafuni. Hakumpa mkononi. Mama Alfonsi alitoka nje. Mwalimu Bwire aliziokota zile funguo huku machozi yanamtoka, jambo ambalo shemeji mbaya hatakiwi kufanya, lakini alikuwa ameipa kamera mgongo, Mungu ni mwema.

Sasa nikiri kosa langu, maana nimewalalamikia wengine vya kutosha. Kwa onyesho lile nilitunga wimbo. Nilikaa siku nne nautunga na nikaupenda kama mtoto. Ulianza chini, ukapanda taratibu, na pale funguo zinapowekwa sakafuni ulifika juu kabisa, kwa vayolini, ndiyo, kwa kitufe kilekile. Deusi alipousikia alinikumbatia. Akamwita Mama Kulwa aje ausikie pamoja na picha. Akaja jioni akitoka Mwaloni, akaweka beseni lake nje, akakaa kwenye kigoda. Nikapiga. Nilipomaliza nikageuka kungoja sifa.

"Wimbo mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini umenililia kabla sijalia."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema siku walipokuja kuchukua nyumba, redio ya jirani ilikuwa inapiga dansi, kipindi cha salamu, fulani anamsalimia fulani na wote wanaomfahamu. Jirani yule alikuwa amesimama uani anatazama kila kitu na hakupunguza sauti. "Kitanda kinatolewa, watu wanasalimiana redioni. Niliichukia redio ile kuliko nilivyomchukia shemeji. Hata sasa ule wimbo wakiupiga naondoka." Akatazama kioo cha televisheni ambacho Deusi alikuwa amekizima. "Pale nakwangua ukoko. Wewe umekwangua nini? Sikusikia sufuria yangu." Akabeba beseni lake akaenda.

Niliudhika. Niliudhika kwa siku mbili, nikiwa na miaka ishirini na wimbo wangu wa kwanza. Nilimsema kwa mama mdogo, nikasema muuza dagaa anajua nini kuhusu muziki. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Labda hajui. Lakini sufuria anaijua." Siku ya tatu nikaenda studio peke yangu, nikatazama lile onyesho bila kugusa kinanda, nikasikia kwaru, kwaru, na katikati ya mkwaruzo mmoja na mwingine nikasikia pumzi yake. Wimbo wangu ulikuwa umefunika pumzi ya mtu. Nilikaa pale kwenye joto la mablanketi nikijionea haya, kisha nikaenda kumtafuta Deusi.

Nilimkuta dukani anakata picha za pasipoti. Nikamwambia pale jikoni tusiweke kitu. Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki akaweka mkasi chini. "Mdogo wangu, hiyo ndiyo sehemu ya huzuni kuliko zote. Ndiyo yenye wimbo wako. Watu watajuaje kwamba ni huzuni?"

"Wataona."

"Hawaoni! Watu hawaoni kitu mpaka waambiwe." Alikuwa amepandisha sauti, na mteja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda cha kupigiwa picha akaanza kujifanya anasoma kalenda. "Nikuambie. Nilimzika mama yangu sikulia. Nilibeba jeneza, nilishika sepetu, machozi hayakuja. Nilikuwa na kitu hapa" — akajigonga kifua — "kama nimemeza jiwe la kusagia. Mpaka leo dada zangu wananiita hana moyo. Nilisimama pale mbele ya watu mia, na hakuna hata mmoja aliyeona. Pangekuwa na muziki siku ile wangejua!"

Nimeishi na swali lile muda wote huu na sina jibu zuri hata leo. Nilisema tu kwamba Mama Kulwa ndiye mwenye uso ule na amekataa. Deusi akasema Mama Kulwa aliigiza, hakuongoza. Nikasema basi kinanda apige mwenyewe. Akasema vizuri. Mteja akauliza kama picha zake zimeshakauka. Deusi hakujua hata ufunguo mmoja wa kinanda, na kesho yake alimtuma Mama Alfonsi kwa mama mdogo na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, kwenye kikapu, kuniomba nirudi, na mimi, kwa sababu napenda michembe na kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, nilirudi. Hatukusalimiana. Alizungumza nami kupitia Mwalimu Bwire hata tukiwa wawili na Mwalimu Bwire hayupo. "Mwambieni aweke vayolini," aliwaambia mablanketi.

Ikabaki siku ya kuingiza muziki. Hapa nieleze kidogo, maana vijana wa kompyuta hawaamini. Kanda ilichezwa kwenye deki moja na kunakiliwa kwenye ya pili, na maneno ya waigizaji yalipita kwenye waya. Muziki nao ulitakiwa upite kwenye waya, lakini waya unaoingia kwenye kile kinanda cha Dubai haukupatikana Mwanza nzima. Kwa hiyo Deusi alisimamisha maikrofoni mbele ya spika ya kinanda, na mimi nilipiga moja kwa moja, nikitazama picha, tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Kusimama hakukuwezekana. Deki ikisimamishwa katikati picha ilichafuka. Na kila kilichosikika chumbani kiliingia kwenye kanda, kwa hiyo tulikatazwa kukohoa, na Mama Alfonsi alikatazwa kutwanga. Umeme ulikuwa wa mgao. Siku zetu za kuwa nao zilikuwa chache, na onyesho lilishatangazwa kanisani kwa ajili ya Jumapili. Tulianza Jumamosi asubuhi.

Nilipiga kila vayolini aliyoitaka. Nililia wakati wa mlango, nikalia wakati wa chai, nikalia juu ya usingizi wenye maana. Mikono ilikuwa imelowa jasho na nailoni ilikuwa imelowa mikono. Deusi alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye stuli, akiniongoza kwa kunigusa bega. Ikaja jikoni. Mama Kulwa akachukua sufuria. Deusi akanigusa bega nianze. Nikatoa mikono kwenye kinanda, nikaiweka mapajani.

Akanigusa tena. Akanifinya. Kwaru, kwaru, ilisema sufuria. Nilisikia stuli yake ikilia. Akaanza kuninong'oneza kitu kisicho na sauti, pumzi tupu sikioni, na mimi nikatazama mbele kama askari wa gwaride. Mwalimu Bwire akasimama mlangoni. Ukoko ukagawanywa. Na hapo Deusi, mtu aliyetukataza tusikohoe, akasahau maikrofoni, akasahau mgao, akasahau kila kitu, akafoka kwa sauti yake yote:

"Piga! Unangoja nini? Piga!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Tukatazamana. Deki ilikuwa inazunguka. Hakuna aliyethubutu kupumua. Funguo zikawekwa sakafuni, onyesho likaisha, na lililofuata likawa la watu wanaotembea barabarani, na mimi, kwa utii mkubwa, nikaweka vayolini. Tulipomaliza kanda nzima hakunitukana. Alikaa sakafuni kati ya nyaya akasema, "Umeniua," kisha umeme ukakatika.

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nilijificha nyuma karibu na mlango, tayari kukimbia. Watu walizungumza muda wote, kama ilivyo kawaida yetu, wakiwajibu waigizaji, wakiwauliza majirani nani ni nani, na juu yao vayolini zangu zikilia bila mtu kuzijali. Ikaja jikoni. Vayolini zikaacha. Na ukumbi ule, sijui nielezeje, ulinyamaza kama mtu aliyeguswa. Kwaru, kwaru. Mama mmoja karibu nami akasema polepole, "Anawawekea watoto." Mwalimu Bwire alikuwa amesimama mlangoni, na kutoka nje ya picha, kutoka gizani, sauti ya mwanamume ikafoka: Piga! Unangoja nini? Piga! Na Mama Kulwa, kwa sababu ya kuku yule ambaye kamera haikumwona, akashtuka na kutazama nje.

Ukumbi ulisimama. Wote walielewa jambo moja: ndugu wa marehemu wako uani, wanamwamuru shemeji ampige mjane. "Mguse uone!" mama mmoja alipiga kelele. "Wewe Mjita, mguse!" Mwingine alirusha kandambili ikagonga televisheni. Mwalimu Bwire, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkewe, aliinama hadi magotini. Na pale Mama Kulwa alipoweka funguo sakafuni bila neno, watu walilia. Nilimtazama Deusi. Alikuwa amesimama kando ya televisheni, mdomo wazi, anatazama watu wakilia mahali ambapo hapakuwa na muziki. Ningependa kusema kwamba alijifunza kitu. Baada ya onyesho padri alimpongeza kwa ile sauti ya nje, akauliza aliifikiriaje. Deusi akaweka mikono nyuma. "Ni ubunifu tu, Baba," akasema. "Kuna wakati muongozaji lazima aache kimya kifanye kazi." Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilitoka nje nikacheka hadi nikakaa chini, nikiwa na hasira kuliko nilivyowahi kuwa nayo maishani.

Mwalimu Bwire alipata tabu. Kwa mwezi mzima wanawake wa Mwaloni walikataa kumuuzia samaki, na mkewe akawa anakwenda mwenyewe. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, wakianika dagaa, "Yule ana mikono mikubwa. Mikono ile imezoea." Mtu ambaye hata fimbo darasani hakuishika. Lakini lililotushangaza lilikuja wiki mbili baadaye. Nilikuwa nimekwenda kununua dagaa kwa Mama Kulwa, akaja mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, akasimama mbele ya beseni bila salamu. Alikuwa shemeji yake wa kweli, yule aliyechukua nyumba.

"Unatuchafulia jina," akasema. "Mtaani watu wananinyooshea kidole. Sisi hatukukupiga! Hata kofi moja hatukukupiga!"

Mama Kulwa aliendelea kupepeta. "Shikamoo, mama," nilisikia mteja akisema pembeni, naye akaitikia marahaba, akampimia, akamfungia. Ndipo akamgeukia shemeji. "Filamu ni ya Deusi. Mimi mle ndani sikusema neno hata moja. Nani amekuambia ni wewe?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha kazi. Yule bwana akatazama huku, akatazama kule, akaondoka, na viatu vyake vizuri vikakanyaga maji ya samaki.

Nyumba haikurudi. Niseme hivyo wazi, kwa sababu Deusi alizoea kusimulia kwamba filamu yake ilirudisha nyumba ya mjane, na ni uongo. Kilichorudi ni cherehani. Kilikuja adhuhuri moja juu ya mkokoteni, bila barua, bila salamu, kimefungwa kamba ya katani, wakati tunakula kwa Mama Kulwa: mimi, Mama Alfonsi na Deusi, ambaye nilikuwa nimeanza kusalimiana naye tena kwa sababu ya uvivu wa kukumbuka kutosalimiana. Deusi akaruka. Akakimbilia kamera. "Rudisha mkokoteni!" akamwambia msukuma mkokoteni. "Rudi hadi kwenye kona, uje tena, polepole. Leokadia, kalete kinanda!" Nilimwambia kwamba akitaka vayolini hapa atanizika pamoja nazo. Msukuma mkokoteni akauliza kama atashusha mzigo au la, maana ana safari nyingine. Mama Kulwa hakuwa akitusikia. Alikuwa amekishika cherehani kwa mikono miwili, anazungusha gurudumu, anainama kutazama chini ya mguu wake wa chuma.

"Sindano wamebaki nayo," akasema.

Akasema tena, kama mtu anayehesabu, "Wamechomoa sindano." Ndipo akalia. Hakulia jikoni siku ya funguo, si ile ya kweli wala ile ya filamu. Alilia kwa ajili ya sindano, akiwa amesimama juani, kwa sauti, kama wanavyolia watu ambao hawatazamwi. Mama Alfonsi akamshika. Mimi sikujua pa kuweka mikono. Deusi alikuwa na kamera begani, imewashwa, taa yake nyekundu inawaka. Akaizima. Akaiweka juu ya kiti, akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kumwambia mtu kitu, na wali wake ukapoa.

Alirudi saa kumi, shati limelowa, na pakiti tatu za sindano. Zote zilikuwa nene mno, za kushonea turubai. Nilimwambia kwamba mtu mwenye macho angebeba ya mfano. Akasema angebeba vipi ya mfano wakati imechomolewa. Tukabishana hapo hapo uani, kwa nguvu, wakati Mama Kulwa anachukua moja, anaiingiza, anakaza skrubu kwa ncha ya kisu, na kuanza kushona. Majibu ya chuo yalikuja mwezi uliofuata, na sketi ya kijani niliyokwenda nayo alinishonea yeye. Matundu ya ile sindano yalionekana kwenye pindo lote, makubwa, mtu angeweza kuyahesabu kwa mbali. Wenzangu chuoni waliniuliza ni fundi gani alinifanyia vile. Nilivaa sketi ile miaka miwili, na haikufumuka hata mara moja.